Ahadi ya Ndoa na Mafao ya Anayeuguza: Uingereza tangu 1601

Kila mchungaji anayefungisha ndoa huwauliza maarusi kama watapendana na kutunzana wakati wa afya na wakati wa ugonjwa. Nao hujibu upesi, kwa kuwa siku ile hakuna anayeugua. Miaka kadhaa iliyopita nilimtembelea mzee mmoja wa usharika, mwalimu mstaafu, ambaye kiharusi kilikuwa kimempooza upande mmoja. Katika daftari la wagonjwa ambalo wazee wa kanisa hulitumia kupanga ziara zao, jina lake lilikuwamo. Jina la mke wake halikuwamo, kwa maana yeye hakuwa mgonjwa. Mama yule alikuwa ameiacha meza yake ya mboga sokoni, na huo ulikuwa mwaka wa pili. Nilipomwuliza siku hizi anafanya kazi gani, alinijibu kwa neno moja: "Nauguza."

Lugha yetu imewaweka watu hawa wawili katika mzizi mmoja: mmoja anaugua, mwingine anauguza. Sheria za mataifa mengi hazikuwaweka pamoja hivyo. Zilimtambua mgonjwa, naye anayeuguza zikamhesabu kuwa sehemu ya nyumba, kama kitanda na mtungi wa maji. Katika makala haya nataka kuonyesha jinsi jambo hili lilivyokuwa nchini Uingereza, hasa kwa wanandoa. Nimeichagua nchi hiyo kwa sababu huko swali lilijadiliwa waziwazi, bungeni na mahakamani, hata tunaweza kulifuatilia kwa miaka na tarehe. Tena swali hilo si geni kwetu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1952, namba 102, ambao ni kipimo cha mipango ya hifadhi ya jamii duniani, unataja mafungu tisa ya mafao. Kumwuguza mtu nyumbani si mojawapo. Hata Mfuko wetu wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1997, hauna fungu la anayeuguza.

Jambo ninalotaka msomaji aliangalie ni hili: kwa muda mrefu ahadi ya ndoa yenyewe ndiyo iliyotumiwa kuwa sababu ya kumnyima mke anayeuguza.

Sheria ya Maskini

Mwaka 1601, katika utawala wa Malkia Elizabeth I, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyokabidhi utunzaji wa maskini kwa kila parokia. Wazee wa kanisa pamoja na wasimamizi walioteuliwa walitoza kodi na kugawa msaada. Lakini sheria hiyohiyo iliweka sharti: wazazi, babu na bibi, na watoto wa maskini asiyeweza kufanya kazi walipaswa kumtunza kwanza, kama walikuwa na uwezo. Parokia ilikuja baadaye.

Msomaji wa Agano Jipya atatambua mpango huu. Katika 1 Timotheo 5 tunakutana na orodha ya wajane wanaostahili msaada wa kanisa, na masharti ya kuandikwa humo: umri usiopungua miaka sitini, ushuhuda wa matendo mema, na kutokuwa na jamaa wa kuwatunza. Mwanamke aaminiye aliye na wajane kwake anaagizwa awasaidie mwenyewe, ili kanisa lisilemewe. Wanafunzi wangu mara nyingi hushangaa kuona kwamba kanuni za nani apewe na nani asipewe ni za zamani kiasi hicho, na kwamba zilikuwamo hata kanisani. Mimi huwauliza swali lingine: yule mwanamke aliyeagizwa kuwatunza wajane wake, naye alitunzwa na nani? Maandiko hayasemi, na wafasiri wengi hupita.

Sharti la jamaa lilidumu kwa karibu miaka 350. Sheria ya Misaada ya Taifa ya mwaka 1948 ndiyo iliyoifuta Sheria ya Maskini, na kuanzia hapo mtoto mtu mzima hakuwajibika tena kisheria kumlisha mzazi wake. Waliobaki na wajibu walikuwa wazazi kwa watoto wao wadogo, na mume na mke, kila mmoja kwa mwenzake. Yaani vifungo vingine vya udugu vilifunguliwa. Cha ndoa kilibaki.

Beveridge na mke wa nyumbani

Kabla ya hapo, sheria ya bima ya taifa ya mwaka 1911 ilikuwa imeanzisha malipo ya ugonjwa kwa wafanyakazi wachangiaji: shilingi 10 kwa juma kwa mwanamume, shilingi 7 na peni 6 kwa mwanamke. Mke ambaye kazi yake ilikuwa nyumbani hakuwamo. Akiugua, hakuna mshahara uliopotea, na kwa hiyo, kwa hesabu ya bima, hakuna kilichopotea.

Ripoti ya Sir William Beveridge ilitolewa Desemba 1942, katikati ya vita, na watu walipanga foleni kuinunua. Ripoti hiyo iliwafanya wake wa nyumbani kuwa tabaka lao wenyewe katika bima. Beveridge hakuwadharau. Aliandika kwa heshima kwamba kazi yao ni ya lazima kwa taifa ingawa haina mshahara, na kwamba mume na mke ni timu moja. Lakini tuangalie timu hiyo ilivyopokea malipo. Mpango ulipoanza tarehe 5 Julai 1948, mwanamume mgonjwa alipewa shilingi 26 kwa juma, na akiwa na mke anayemtegemea alipewa 42. Mke alifika katika hesabu kama nyongeza juu ya jina la mumewe. Aliyefanya kazi ya mshahara baada ya kuolewa aliruhusiwa kuchagua kulipa mchango mdogo, na wengi walichagua hivyo, kisha walipougua waligundua kwamba mchango ule mdogo haukuwaletea malipo ya ugonjwa. Chaguo hilo lilifungwa kwa wapya mwishoni mwa miaka ya 1970.

Nadhani ni haki kusema kwamba Beveridge aliona ndoa yenye afya. Mume yuko kazini, mke yuko jikoni, na ugonjwa ukija humpata mume, kwa muda, kisha anapona. Ndoa ambayo mke ndiye anayeugua, au ambayo ugonjwa wa mume hauishi, au ambayo mama mkwe aliyepooza amelazwa chumba cha nyuma, haikupata nafasi ya kutosha katika mpango wake.

Wanawake wawili wa mwaka 1965

Mabadiliko yaliletwa na watu waliokuwa wanaugua na kuuguza wenyewe. Wawili wanastahili kukumbukwa katika jarida la wachungaji, na mmoja wao alikuwa mchungaji.

Mary Webster alikuwa mchungaji wa kanisa la Congregational. Mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka 31, aliiacha kazi ya uchungaji ili awatunze wazazi wake wazee. Hakuwa ameolewa. Katika Uingereza ya wakati ule ilichukuliwa kuwa jambo la kawaida kwamba binti asiye na mume ndiye atakayebaki na wazazi. Kaka zake wana familia, yeye ana nini? Baada ya miaka tisa, mwaka 1963, aliandika barua kwa magazeti kueleza hali ya wanawake kama yeye, waliomaliza akiba, waliopoteza kazi na pensheni, na ambao wazazi walipofariki walijikuta na umri wa miaka hamsini bila kitu. Barua za wanawake wengine zilimiminika kwake. Mwaka 1965 likaundwa Baraza la Taifa la Mwanamke Asiyeolewa na Wanaomtegemea.

Mwaka uleule Megan du Boisson, mama wa nyumbani aliyekuwa na ugonjwa wa neva unaodhoofisha viungo polepole, alianzisha pamoja na mwenzake Berit Moore chama cha kudai kipato kwa watu wenye ulemavu. Hoja yake ilikuwa fupi. Yeye hakuwa na haki ya malipo ya ugonjwa kwa sababu hakuwa na michango. Na hakuwa na michango kwa sababu alikuwa akilea watoto na kutunza nyumba. Sheria ilimwambia kwamba ulemavu wake haujamgharimu mtu yeyote.

Wote wawili walifariki mwaka 1969, kabla ya kuona walichokidai. Mwaka 1971 ilianza kulipwa posho ya uangalizi kwa mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kuhudumiwa mchana na usiku. Posho hiyo ilikuwa na jambo jipya: haikuuliza kama mgonjwa ameoa au ameolewa, wala mwenzi wake anapata kiasi gani. Ilimfuata mgonjwa mwenyewe. Lakini ilikuwa yake yeye mgonjwa, si ya anayemwinua kitandani.

Mke ambaye angekuwa nyumbani hata hivyo

Posho ya anayeuguza ilikuja Julai 1976. Ilikuwa kwa mtu anayeacha kazi ili kumtunza jamaa mwenye ulemavu mkubwa kwa saa zisizopungua 35 kwa juma. Hapa ndipo historia inapogeuka kwa namna ya kusikitisha. Harakati ya Mary Webster ilikuwa imesema kwa niaba ya mwanamke asiyeolewa. Serikali ikamsikia mwanamke asiyeolewa, ikafungua mlango kwa kipimo chake. Wanaume waliruhusiwa, wawe wameoa au hawajaoa. Wanawake wasioolewa waliruhusiwa. Mwanamke aliyeishi na mume wake hakuruhusiwa, wala aliyeishi na mwanamume kama mume na mke.

Sababu ilikuwa imeandikwa katika waraka wa serikali wa mwaka 1974: wake hawa huenda wangekuwa nyumbani hata bila ya mgonjwa. Matokeo yake, mume aliyeacha kazi kumwuguza mke wake aliweza kulipwa, lakini mke aliyeacha kazi kumwuguza mume wake hakuweza. Kitendo ni kilekile, kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, kumlisha, kufua mashuka. Kwa mume kilihesabiwa kuwa hasara ya mshahara. Kwa mke kilihesabiwa kuwa ndoa.

Mwaka uliofuata, Novemba 1977, likaongezwa fungu lingine. Pensheni ya ulemavu isiyodai michango ilikuwa imeanza mwaka 1975 kwa wanaume na kwa wanawake wasioolewa, kwa sharti moja kwamba hawawezi kufanya kazi. Sasa ikafunguliwa kwa wake walio na waume, lakini kwa masharti mawili: asiweze kazi ya mshahara, na tena asiweze kazi za kawaida za nyumbani. Mama mgonjwa alijaza fomu ya kueleza kama anaweza kupika, kufua, kusafisha na kwenda kununua mahitaji. Kama aliweza kumenya viazi akiwa ameketi, alikuwa na hatari ya kunyimwa. Mume wake, akiwa na ugonjwa uleule, hakuna aliyemwuliza habari za viazi. Kipimo hiki kiliondolewa mwaka 1984, na mahali pake pakawekwa kingine, kilichodai ulemavu wa asilimia 80 kwa wengi wa waombaji wapya, wanaume kwa wanawake. Nacho kiliwaacha wake wengi palepale nje.

Ndugu zangu katika utumishi, hapa inatupasa tujichunguze sisi wenyewe pia. Luther, katika maandiko yake ya mwaka 1522 kuhusu maisha ya ndoa, alimtetea baba anayefua nepi za mtoto wake, akasema kwamba watu wanamcheka lakini mbinguni wanafurahi. Tumelifundisha neno hilo vizuri: kazi ya nyumbani ni wito. Lakini jambo likishaitwa wito, ni rahisi mno kudhani kwamba halihitaji mkate. Fliedner alipoanzisha nyumba ya madiakonisa Kaiserswerth mwaka 1836 hakufanya kosa hilo. Dada wale hawakupewa mshahara wa kawaida, lakini nyumba mama iliwahakikishia chakula, mavazi na matunzo katika ugonjwa na uzee. Mke aliyeambiwa mwaka 1976 kwamba angekuwa nyumbani hata hivyo alipewa wito wa dada bila nyumba mama. Ahadi ile ya madhabahuni alimpa mume wake. Hakumpa waziri wa fedha.

Hukumu ya Luxembourg

Mwaka 1984 Bi. Jacqueline Drake, mke aliyeishi na mume wake, aliacha kazi ili amtunze mama yake mwenye ulemavu mkubwa aliyehamia kwake. Aliomba posho, akanyimwa kwa sababu ameolewa. Baraza la rufaa lilimpa haki, serikali ikakata rufaa, na swali likapelekwa Mahakama ya Jumuiya ya Ulaya, Luxembourg. Msingi wa madai ulikuwa agizo la Jumuiya la Desemba 1978, lililozitaka nchi wanachama ziondoe ubaguzi wa kijinsia katika hifadhi ya jamii kabla ya mwisho wa Desemba 1984.

Swali la kwanza la kisheria linafaa kuangaliwa kwa makini. Agizo lile lilihusu mafao ya wafanyakazi yatokanayo na ugonjwa na ulemavu. Je, posho inayolipwa kwa mtu mzima wa mwili anayemtunza mlemavu ni fao la ulemavu? Tarehe 24 Juni 1986 mahakama ilijibu kwamba ndiyo. Ilieleza kuwa nchi ingeweza kulikwepa agizo kwa kugawa tu fao katika mafungu mawili, moja la mgonjwa na moja la mtunzaji. Ilieleza pia kwamba posho ya mtunzaji inategemea kuwapo kwa ulemavu wa yule mwingine, naye mlemavu mwenyewe hunufaika nayo. Kwa maneno mengine, majaji walitambua kile ambacho mzizi wa neno letu unakitambua. Kuhusu swali la pili hawakuwa na shaka: kumlipa mume na kumnyima mke ni ubaguzi.

Serikali ilikuwa imeona hukumu inakuja. Siku moja kabla, tarehe 23 Juni, ilitangaza kwamba wanawake walioolewa wataruhusiwa, na sheria ikarekebishwa mwaka uleule, malipo yakirudishwa nyuma hadi Desemba 1984. Watu huuliza kama jambo hilo lilibatilika Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020. Halikubatilika, kwa maana lilikuwa limekwisha kuingizwa katika sheria za nchi yenyewe.

Hesabu za leo

Jina la posho lilibadilishwa mwaka 2003, ikaitwa posho ya mtunzaji. Aprili 2025 kiwango chake kilikuwa paundi 83.30 kwa juma. Sharti la saa 35 bado lipo, na ukigawanya utapata paundi 2.38 kwa saa, wakati kima cha chini cha mshahara kwa watu wazima kilikuwa 12.21. Mtunzaji aliruhusiwa kupata mshahara usiozidi paundi 196 kwa juma baada ya makato. Akizidi kwa paundi moja alipoteza posho yote ya juma hilo. Mwaka 2024 ilifahamika wazi kwamba watunzaji wengi walikuwa wanadaiwa kurudisha maelfu ya paundi kwa sababu walivuka kiwango kidogo bila kujua, na ofisi husika ilikuwa na habari za mishahara yao lakini haikuwaonya mapema. Scotland sasa ina posho yake yenyewe.

Kwa wanandoa, mambo hutegemea ni fao la aina gani. Mafao yanayomfuata mlemavu, kama yale ya kugharamia mahitaji yake ya kila siku, hayaangalii kipato cha mwenzi. Posho ya mtunzaji nayo haiangalii mshahara wa mume au mke, ila wa mtunzaji mwenyewe. Lakini msaada mkubwa wa watu wa kipato kidogo, ulioanza mwaka 2013 na kuunganisha mafao sita katika malipo ya mwezi, huwahesabu wanandoa kuwa kitu kimoja. Wanaomba pamoja, vipato vyao vinajumlishwa, na kwa kawaida fedha huingia katika akaunti moja. Posho ya mtunzaji ikiingia nyumbani, hukatwa yote katika msaada huo, kisha huongezwa fungu dogo la utunzaji. Kama mtu mmoja ni mgonjwa na tena anauguza, hapewi mafungu yote mawili kwa ajili yake mwenyewe, hupewa moja. Lakini katika ndoa mmoja anaweza kuwa na fungu la ugonjwa na mwenzake fungu la utunzaji. Timu ya Beveridge ingali hai, ila sasa hakuna sheria inayosema ni yupi kati yao ndiye mke.

Yapo mambo mema ambayo wengi hawayajui. Mume na mke ambao wote wana ulemavu na wanatunzana wanaweza, kila mmoja, kuomba posho ya kumtunza mwenzake, mradi masharti ya kila upande yametimia. Nilipowaeleza wanafunzi jambo hili darasani walicheka kwanza, wakidhani ni ujanja. Kisha mmoja, ambaye wazazi wake wote walikuwa wagonjwa, akasema kwamba nyumbani kwao ndivyo ilivyokuwa: asubuhi baba alimfungia mama vifungo vya gauni, na jioni mama alimshika baba mkono kwenda nje.

Walio wengi katika hali hiyo ni wazee, na hapo sheria ina fundo lake. Pensheni ya uzee na posho ya mtunzaji huhesabiwa kuwa fedha za kusudi moja, kwa hiyo hazilipwi zote mbili kwa ukamilifu. Pensheni ikiwa kubwa kuliko posho, posho hailipwi kabisa. Mama wa miaka 75 anayemwuguza mume wake mchana na usiku huandikiwa kwamba anastahili posho ila hatalipwa. Hata hivyo anashauriwa aiombe. Kama kipato chao ni kidogo, kule kustahili kunaweza kuwaongezea kiasi katika msaada wa wastaafu, lakini ni lazima kuwe na barua. Basi hujaza kurasa zote za fomu, akieleza saa zake moja moja, kuomba posho anayojua atanyimwa, kisha huihifadhi ile barua ya kunyimwa mahali pazuri.